Mpira wa Kupumulia kwenye Injini za Malori ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wenye malori ya zamani ya petroli, hasa yale yaliyotoka kiwandani na bomba la upepo badala ya valvu ya PCV, yaani ile inayovuta gesi za ndani ya injini na kuzipeleka kwenye manifoldi, njia ya kuingizia hewa na mafuta, zikaungue. Dizeli zina swali lao huko chini. Kama una haraka na lori lako linavujisha oili nyuma ya injini, soma swali la kwanza kabla hujanunua sili mpya.

Kwani injini inapumua nini?

Ringi za pistoni hazizibi kwa asilimia mia, hata injini ikiwa mpya. Kila silinda inapowaka, gesi kidogo hupenya ubavuni mwa pistoni na kushuka kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Gesi hiyo imebeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua na tindikali. Injini ikichoka gesi huongezeka, na lori likipanda mlima na mzigo huongezeka zaidi.

Isipopewa njia, itaitafuta yenyewe. Itapita kwenye gasketi ya kava ya tapeti, itasukuma kijiti cha kupimia oili kitoke kwenye tundu lake, au itatokea kwenye sili ya nyuma ya krenki. Injini nyingi za enzi hizo zina sili ya kamba huko nyuma, na kamba haistahimili shinikizo. Ndiyo maana mtu hubadilisha sili, akashusha gia boksi kwa jasho, halafu wiki mbili baadaye oili inadondoka palepale. Sili haikuwa na kosa. Kipumulio kilikuwa kimeziba.

Lakini kutoa shinikizo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kupitisha hewa safi ndani ili mvuke wa maji na petroli usibaki kwenye oili na kugeuka tope. Watu wengi husahau nusu hii. Wanatoboa kava, wanachomeka kifilta kidogo cha kung'aa, wanasema injini sasa inapumua. Shinikizo litatoka kweli, ila hakuna hewa inayoingia kuosha ndani, na tope litaendelea kujijenga kimyakimya.

Lori langu lina bomba tu linalining'inia ubavuni mwa injini. Hilo linafanya nini?

Hilo ndilo bomba la upepo. Linatoka kwenye chumba cha krenki, linashuka hadi chini ya usawa wa sampo, na ncha yake imekatwa mshazari, uwazi ukielekea nyuma. Lori likitembea, upepo unaopita chini yake huvuta gesi kutoka kwenye ncha hiyo. Hewa safi huingia juu, kwa kawaida kupitia kifuniko cha kujazia oili chenye wavu ndani.

Kwenye Chevrolet za silinda sita za mstari, zile za inchi za ujazo 216 na 235, hewa huingia kwenye kifuniko cha juu ya kava ya tapeti, hushuka kwa njia za fito za tapeti, na kutoka kwenye bomba lililo ubavuni mwa bloku. Kwenye Chevrolet V8 za mwanzo, 265 na 283, bomba la kujazia oili liko mbele na tundu la kutokea liko nyuma kabisa ya bloku, chini ya mgongo wa manifoldi. Ndani ya bonde la tapeti, chini ya tundu hilo, kuna kopo la bati linalozuia oili isirushwe nje. Likumbuke kopo hilo, tutalihitaji.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba unategemea mwendo. Chini ya kilomita 40 hivi kwa saa upepo hautoshi kuvuta chochote cha maana. Lori linalounguruma likisubiri kupakia, au linalotambaa kwa gia ya kwanza, halipumui. Gesi hujikusanya na mara nyingine hutokea juu kwenye kifuniko, ndani ya boneti.

Ukiamua kulibakiza, usilifupishe, na usiligeuze ncha ikaelekea mbele, maana hapo unapuliza vumbi ndani ya injini. Usilivalishe mpira na kuupandisha juu eti lisichafue sakafu. Ukilipandisha juu, upepo wa chini ya lori haulifikii tena.

PCV ilianza lini? Naambiwa si halali kuiweka kwenye lori la zamani.

Hakuna kitu kama hicho. Willys MB ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo vitabu vya jeshi la Marekani vinaiita lori la robo tani, ilikuwa tayari na valvu ya kuvuta gesi za sampo kwenda kwenye manifoldi. Jeshi lilikuwa na sababu yake: gari linalovuka maji haliwezi kuwa na bomba lililo wazi chini ya injini.

Kwa raia ilianza California kwenye magari ya mwaka 1961, ikaenea Marekani nzima kwenye magari ya 1963, na ufungaji kamili, yaani bila tundu lolote lililo wazi hewani, ukawa lazima nchini humo mwaka 1968. Magari madogo ndiyo yaliyotangulizwa, kwa hiyo usishangae kukuta lori la katikati ya miaka ya 1960 lenye bomba la upepo. Halijachakachuliwa.

Nataka kuweka PCV. Mpira upite wapi?

Anza na hewa, mpira utafuata. Chukua karatasi, chora injini yako ikiwa imetazamwa ubavuni, weka alama pale hewa safi itakapoingia na pale gesi itakapotoka. Alama hizo mbili zinatakiwa zitengane kadiri inavyowezekana: moja mbele na nyingine nyuma, au moja juu na nyingine chini. Ukiweka zote juu ya kava moja, zikaachana kiganja kimoja, hewa itaingia na kutoka hapohapo bila kugusa sampo. Valvu itafanya kazi, mpira utakuwa mzuri, na oili itaharibika vilevile.

Kwenye Chevrolet 235, njia nzuri kuliko zote ni ileile iliyopangwa kiwandani: hewa iingie juu kwenye kava, itoke ubavuni mwa bloku. Ng'oa bomba la upepo, tengeneza adapta ya tundu lake, na valvu ikae hapo. Kwenye V8 ya 283 ni hivyohivyo, tundu la nyuma ya bloku hupokea adapta ya valvu na mpira unakuja mbele hadi chini ya kabureta. Hapa ndipo lile kopo la bati linapohusika. Likiwa limetupwa na fundi aliyetangulia, na hutokea sana, valvu itavuta matone ya oili moja kwa moja na moshi wa bluu utakufuata barabarani. Kabla ya kufunga manifoldi, chungulia kama lipo.

Adapta ikishapata mahali, fikiria upande wa kabureta. Mpira lazima uingie chini ya kipepeo, lile bamba la kabureta linalofunguka ukikanyaga mafuta, kwenye mvuto wa manifoldi, na uingie katikati. Bamba nene linalokaa kati ya kabureta na manifoldi, lenye tundu la ubavuni, ndilo suluhisho safi. Kuna wanaotafuta kizibo chochote chenye nyuzi za skurubu kwenye manifoldi na kuunga hapo. Mara nyingi kizibo hicho kiko kwenye mkono wa silinda moja au mbili tu, na hewa yote ya PCV huishia huko. Silinda hiyo itawaka na mafuta pungufu, plagi yake itakuwa nyeupe wakati nyenzake ni za kahawia, na injini itatetemeka ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Utabadilisha waya za plagi, utabadilisha kondensa, na tetemeko litabaki.

Sasa mpira wenyewe. Usiwe na tumbo mahali popote. Sehemu inayobonyea katikati hukusanya maji na oili, na penye baridi kali maji hayo huganda yakaziba njia yote. Uache upande mfululizo kutoka kwenye valvu kwenda kwenye kabureta, ili mvuke unaogeuka matone kwenye kuta zake urudi chini kwenye injini wenyewe. Uwe mbali na manifoldi ya ekzosi na mbali na feni. Kama lazima ukatize karibu na chuma cha moto, tumia bomba la chuma kwa kipande hicho na mpira miisho yote miwili. Binafsi napendelea bomba la chuma kwa safari nzima kwenye injini ndefu za mstari, kwa kuwa halilegei kwa joto na linaonekana kama lilitoka na injini.

Kona kali nazo ni tatizo. Mpira ukikunjika kidogo tu unapofunga boneti, njia imekufa. Fungua, funga, halafu tazama kwa tochi kutoka chini.

Mpira wa aina gani, na unene gani?

Wa kutoka kwenye valvu kwenda kwenye kabureta huwa wa kipenyo cha ndani cha milimita 10 hivi, yaani inchi 3/8. Wa hewa safi huwa mpana zaidi, kama milimita 19, kwa sababu huko hakuna mvuto mkubwa na hewa inatakiwa ipite bila kuhangaika.

Nunua mpira ulioandikwa kwamba ni wa PCV, au wa mafuta na mvuke wake. Mpira wa hita ya maji ni wa aina nyingine kabisa: oili huufanya uvimbe, ulainike, halafu ujibane wenyewe kwa mvuto. Kwa nje utauona mzima. Ukiukata katikati utakuta njia imekuwa mwanya mwembamba wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Silikoni ya rangi rangi nayo, hata kama inapendeza, haielewani na oili na petroli.

Naweza kuunga kwenye mpira wa busta ya breki au wa waipa?

Hapana. Malori mengi ya enzi hizo yana busta ya breki inayotegemea mvuto wa manifoldi, kama Hydrovac ya Bendix. Ukiunga PCV kwenye mpira huo unapunguza mvuto unaofika kwenye breki, na mvuke wa oili unaingia kuharibu diaframu. Lori lenye mzigo linaloteremka mlima si mahali pa kugundua hilo. Waipa za mvuto hazina hatari kama hiyo, ila mota yake haitadumu. Kila kitu kiwe na tundu lake.

Valvu ielekee wapi? Nimeikuta haina alama.

Hewa itoke kwenye injini iende kwenye kabureta. Puliza kwa mdomo upande ambao utachomekwa kwenye injini: hewa inapita. Puliza upande wa mpira wa kabureta: inafunga. Itikise, isikike ikigonga ndani kama punje kavu. Isipogonga, imekwama kwa tope, na valvu iliyokwama ni bora kuitupa kuliko kuiosha.

Kufunga huko kuna maana yake. Kabureta ikipiga mshindo wa kurudi nyuma, moto ukajaribu kukimbilia kwenye sampo iliyojaa mvuke wa petroli, kile kipande cha ndani husukumwa kikaziba. Ukiweka mpira mtupu bila valvu umeondoa kinga hiyo. Pia umefungua njia kubwa ya hewa wakati ambapo injini inahitaji kidogo. Kwenye mzunguko wa chini manifoldi ya injini isiyo na kasoro huvuta inchi 17 hadi 21 za zebaki. Mvuto huo mkali huvuta kipande cha ndani kikabana njia. Ukikanyaga mafuta mvuto unashuka, springi inakirudisha, na njia inapanuka wakati uleule gesi za sampo zinapoongezeka. Ni kifaa kidogo cha akili nyingi.

Valvu ya gari lolote itafaa?

Chukua ya injini yenye ukubwa unaokaribiana na wako. Silinda sita ya lita 4 ukiipa valvu ya gari dogo haitapumua vya kutosha, na kinyume chake utaifanya ipate hewa nyingi mno kwenye mzunguko wa chini. Baada ya kuifunga, rekebisha skurubu ya mchanganyiko na ya mzunguko kwenye kabureta. Hewa hiyo ni mpya kwake, haikuhesabiwa kiwandani.

Nitajuaje kwamba inafanya kazi?

Injini ikiwa ya moto na inaunguruma kwenye mzunguko wa chini, fanya hivi. Bana mpira wa valvu kwa vidole: mzunguko ubadilike kidogo, kwa kawaida unashuka. Chomoa valvu kwenye injini, ziba mdomo wake kwa kidole gumba: usikie ukivutwa, na kipande cha ndani kigonge. Kisha toa kifuniko cha oili na uweke kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu, ukiwa umeziba kwa muda ule mpira wa hewa safi. Karatasi inatakiwa inywewe ndani na kushikilia. Ikirushwa juu, ama valvu na mpira vimeziba, ama ringi zako zinapitisha gesi kuliko uwezo wa valvu.

Bomba la upepo la zamani nilifanyeje?

Kama valvu imekaa kwenye tundu lake, limekwisha. Kama valvu imekaa kwingine, tundu la bomba lazima lizibwe kabisa, kwa plagi ya bati ya kugongelea au kifuniko cha mpira chenye klipu. Likibaki wazi, mvuto wa PCV utakuwa unanyonya vumbi la barabarani kupitia bomba lililo sentimita chache juu ya ardhi, bila filta yoyote. Wapo wanaoharibu beringi za krenki kwa njia hii huku wakijisifu kwamba injini sasa inapumua kisasa. Lifunge kwenye gunia na uliweke stoo. Atakayelinunua lori baadaye atalitaka.

Hewa safi itoke kwenye kifuniko cha wavu au kwenye ea klina?

Kifuniko cha wavu ni rahisi na kinafanana na enzi. Kioshe kwa mafuta ya taa, kikauke, kipake oili ya injini kidogo ndipo kishike vumbi. Wavu mkavu haushiki kitu.

Ea klina ni bora. Chukua hewa upande ambao tayari umechujwa, kati ya filta na kabureta. Faida yake inaonekana lori likiwa kwenye kazi nzito: gesi zikizidi uwezo wa valvu, zitarudi kwa mpira huu na kuvutwa na kabureta badala ya kujaza kabini harufu. Kama una ea klina ya bakuli la oili, mpira uingie juu ya usawa wa oili ile, upande wa kabureta. Kifuniko cha oili nacho lazima kibadilishwe kiwe kisicho na tundu, la sivyo umefanya kazi bure.

Ea klina imelowa oili. Mpira umekosewa?

Pengine. Angalia kwanza kama valvu imeziba, maana gesi zikikosa njia ya mbele hurudi nyuma na oili yake. Halafu kiwango cha oili kisizidi, na bati la kuzuia matone chini ya tundu liwepo. Yote yakiwa sawa, pima kompresheni ya kila silinda. Injini iliyochoka ringi haiponi kwa mpira.

Kopo la kukusanyia oili linasaidia?

Kwa injini inayotoa ukungu wa oili kidogo, ndiyo. Liwe limefungwa bila tundu la nje, liwe na wavu ndani, na likae mahali unapoweza kulimwaga bila kufungua nusu ya injini. Lisipomwagwa litajaa, na kitakachofuata unakijua.

Na dizeli je?

Dizeli nyingi za zamani hazina kipepeo kwenye manifoldi, kwa hiyo hakuna mvuto wa kuendesha valvu ya PCV. Zinatumia bomba la upepo, au mpira unaokwenda kwenye njia ya hewa baada ya filta, ukipitia kitenganisha oili.

Kitenganisha hicho si pambo. Dizeli huchoma oili ya injini kama mafuta yake. Oili nyingi ikiingia kwa njia ya hewa, injini hukimbia yenyewe, na kufunga mafuta hakuisimamishi. Ni kuziba hewa tu. Kwa lori la dizeli la zamani mimi ningeacha bomba lake lilivyo na kulisafisha.

Ziko pia dizeli ambazo pampu yake ina gavana ya hewa: bomba jembamba kutoka kwenye koo la manifoldi kwenda kwenye diaframu ya pampu. Hizo zina kipepeo na zina mvuto, na hapo ndipo fundi wa petroli hudanganyika. Hewa yoyote ya ziada ukiiingiza nyuma ya koo hilo inavuruga gavana, na gavana ikivurugika resi zinapanda bila kikomo. Usiguse.

Mwenye Detroit Diesel ya mfululizo wa 71, ile ya mipigo miwili iliyoanza mwaka 1938, ataona vibomba vidogo ubavuni mwa bloku vikidondosha uchafu mweusi. Ni vya kukausha sanduku la hewa, havihusiani na kipumulio. Usivizibe na usiviunge na kitu.

Chini ya kifuniko cha oili kuna povu jeupe kama maziwa. Gasketi ya hedi imekufa?

Usikimbilie hedi. Lori linalowashwa, likasogezwa uani na kuzimwa, halipati joto la kukausha mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na oili hutoa povu hilo. Angalia kijiti: kama oili ya chini ni safi na maji ya rejeta hayapungui, safisha kifuniko, kagua mpira, halafu ulipeleke safari ya nusu saa kwa mwendo wa maana. Povu likirudi baada ya safari ndefu, au kijiti nacho kikitoka na weupe, hapo ndipo ufikirie hedi.

Nikague mara ngapi?

Kila unapobadilisha oili: tikisa valvu, bonyeza mpira kwa vidole urefu wote usikie kama umelainika au umekuwa mgumu na kupasuka, osha wavu wa kifuniko. Kwa bomba la upepo, ling'oe mara moja moja na upitishe waya ndani. Malori mengine yana wavu wa chuma humo, na wavu ukijaa tope ni sawa na kuligongelea kizibo. Kama hujui historia ya lori, fanya hivyo kabla hata ya kuliwasha mara ya kwanza, kwa sababu nyigu wa matope hupenda sana kujenga kwenye mabomba ya aina hiyo.